Neno "Tosha": Kutoka Kiatu cha Mtumba hadi Kifungu cha Katiba

Mwalimu msomaji, bila shaka umewahi kusahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha pili ukakuta kila aya, kuanzia ya pili hadi ya mwisho, imeanza kwa neno "isitoshe". Yamkini ulilipigia mstari mwekundu ukaandika pembeni kwamba kiunganishi hicho kimezidi. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu ambao huchukua hatua ya pili na kumwuliza mwanafunzi huyo swali lililo wazi: ni kitu gani ambacho hakijatosha?

Makala haya yananuia kuchunguza asili na safari ya kitenzi hiki, -tosha, pamoja na jamaa zake tunaowatumia tunapotaka kusema kwamba jambo limefikia kiwango kinachohitajika. Tutakilinganisha na kivumishi cha Kiingereza "adequate", kwa kuwa hicho ndicho ambacho sisi walimu wa Kiswahili hutakiwa kukitafsiri kila uchao. Wala hili si zoezi la kupoteza wakati. Mnamo mwaka wa 2010 kivumishi hicho cha Kiingereza kiliingia katika Katiba ya Kenya, mara tatu katika kifungu kimoja, na mkazi wa Komarock, Kayole au Njiru anayetaka kujua ameahidiwa nini aghalabu hulipokea neno hilo kupitia Kiswahili chetu. Tukilitafsiri ovyo, tumempunguzia haki yake.

Hebu tuanzie pale neno linapoishi. Ukipita Komarock jioni, mtaa wenye jina sawa na lile la mlima ulioko Machakos, utawakuta wauzaji wa viatu vya mitumba wamepanga bidhaa zao kando ya njia. Mnunuzi huvaa kiatu kimoja, akapiga hatua mbili tatu, na muuzaji humwuliza: "Kinakutosha?" Zingatia swali hilo. Muuzaji haulizi kama kiatu ni kingi, wala haulizi kama ni kizuri. Anauliza kama kiatu na mguu vimelingana. Kikiwa kikubwa mno hakitoshi, na kikiwa kidogo hakitoshi vilevile. Kumbe basi kutosha, kwa mchuuzi wa mitumba, ni kulingana na mwili fulani. Kiatu kinachomtosha mtoto hakimtoshi baba yake, ingawa ni kiatu kilekile.

Pwani, mnunuzi wa aina hiyo huenda akaulizwa kama kiatu kimemwenea. Kitenzi -enea nacho kina tabia hii ya pande mbili: nguo humwenea mtu, na chakula huenea au hakienei wageni. Inaonekana kwamba Waswahili hawakuona haja ya kutenganisha kutosha kwa wingi na kutosha kwa kimo. Sahani ya wali na mshono wa kanzu hupimwa kwa kitenzi kimoja.

Kuhusu umbo, kitenzi -tosha kina sura ya Kibantu. Kimo katika kamusi ya Krapf ya mwaka wa 1882, kimo katika ile ya Johnson ya 1939, na kimo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI iliyotoka mwaka wa 1981. Kinamalizikia kwa irabu a, na kinapokea viambishi tamati vya mnyambuliko bila taabu: toshea, tosheka, tosheleza, toshana. Linganisha na vitenzi vya jirani yake vilivyotoka Kiarabu, kama vile kukifu, kukinai na kukidhi, ambavyo irabu zake za mwisho huvitambulisha mara moja kuwa ni wageni waliokaribishwa wakakaa. Kuna wanafunzi wanaopenda kukisia kwamba tosha ni kauli ya kutendesha ya toka, kwa kuwa waka huzaa washa, amka huzaa amsha na ruka huzaa rusha. Kisio hilo ni la akili na mwanafunzi asikemewe. Lakini mkumbushe kwamba umbo peke yake halithibitishi maana, na kwamba katika Kiswahili cha leo mtu anayesababisha kitu kitoke husema anakitoa.

Katika orodha hiyo ya minyambuliko, ninakuomba usimame kwenye "toshana". Wanafunzi wetu wa Nairobi hulitumia kila siku. Watoto wawili wanaolingana kimo husemwa kwamba wanatoshana. Watangazaji wa kandanda, hasa wa Tanzania, hutuambia kwamba timu mbili zilizotoka sare zimetoshana nguvu. Hapa maana ya wingi imetoweka kabisa. Kilichobaki ni usawa mtupu.

Sasa tukitazame Kiingereza. Neno "adequate" liliingia katika lugha hiyo mwanzoni mwa karne ya 17 kutoka Kilatini, ambako kitenzi adaequare kilimaanisha kusawazisha, kukifanya kitu kilingane na kingine. Ndani yake mmo aequus, yaani sawa, neno lililowazalia Waingereza maneno yao ya usawa na mlinganyo. Wanafalsafa wa zama za kati, Thomas Aquinas akiwa miongoni mwao, walitumia nomino ya mzizi huo kuelezea ukweli: fikira ni ya kweli ikilingana na kitu kinachofikiriwa. Kwa hiyo kwa asili yake neno hilo halikuwa na unyonge wowote. Kufikia karne ya 20 ndipo lilipozoeleka pia kwa maana hafifu, ile ya kitu kilichopita kwa tundu la sindano, na leo mwigizaji wa London akiambiwa kwamba uigizaji wake ulikuwa "adequate", hatafurahi.

Msomaji makini atakuwa ameshaona tunakoelekea. Kiswahili kilichukua "sawa" kutoka Kiarabu, nalo huko lilimaanisha kulingana. Kutoka kulingana likafika kwenye kukubali na kuridhika, hadi leo mtu akiulizwa hali hujibu "sawa tu". Aidha, kilichukua "barabara" kutoka Kiajemi kupitia wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na katika Kiajemi na Kihindi neno barabar maana yake ni sawia, bega kwa bega. Sisi tulilifanya liwe na maana ya ipasavyo, vilivyo. Kila mwaka tunawafundisha wanafunzi kwamba ukiweka shadda kwenye silabi ya pili, ba'rabara, umesema sawasawa, na ukiiweka kwenye ya tatu, bara'bara, umetaja njia kubwa kama ile ya Kangundo. Tunapofundisha shadda hiyo ni vizuri pia tukawaeleza kwamba neno la kwanza lina historia yake, na kwamba historia hiyo inafanana ajabu na ya "sawa" na ya "adequate". Lugha tatu, Kilatini, Kiarabu na Kiajemi, kila moja kwa njia yake, zilianzia kwenye usawa zikafika kwenye utoshelevu. Na Kiswahili, kwa mzizi wake chenyewe, kilipita njia hiyohiyo kinyumenyume: kilikuwa na kutosha, kikapata kutoshana.

Kuna jamaa mwingine asiyehusika na usawa, nalo ni "basi". Hili lilitoka Kiajemi, likaenea katika Kiarabu cha mazungumzo na katika lugha za Bara Hindi, na kote huko lina maana ya "imetosha, koma hapo". Wanafunzi wa Eastlands hulichanganya, kwa mzaha, na basi la abiria, ambalo lilitoka Kilatini omnibus, "kwa ajili ya wote". Mtu akisema "Basi, basi limejaa" ametumia Kiajemi na Kilatini kwa pumzi moja.

Tukumbuke "basi" tunapofika kwenye tukio ambalo lilikipa kitenzi -tosha umaarufu usio na kifani nchini Kenya. Tarehe 14 Oktoba 2002 wajumbe wa chama cha KANU walikuwa Kasarani wakimwidhinisha Uhuru Kenyatta kuwania urais. Siku iyo hiyo bustani ya Uhuru Park ilifurika wafuasi wa viongozi waliokuwa wamejitenga na KANU pamoja na wale wa vyama vya upinzani. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba upinzani ungegawanyika tena kama ulivyogawanyika mwaka wa 1992 na wa 1997, kwa kuwa vigogo waliodhaniwa kustahili tikiti hiyo walikuwa kadhaa. Hapo ndipo hayati Raila Odinga alipotamka maneno mawili: "Kibaki tosha". Umati ukalipuka. Muungano wa NARC ulishinda uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002, hayati Mwai Kibaki akapata takriban asilimia 62 ya kura, na utawala wa KANU uliodumu tangu uhuru wa 1963 ukafikia ukingoni.

Kisarufi, kauli hiyo ina dosari ambayo sisi walimu hatuwezi kuifumbia macho. Kiswahili sanifu kinadai "Kibaki anatosha" au, kwa mtindo wa mkato, "Kibaki atosha". Kitenzi kilichovuliwa kiambishi cha nafsi namna ile ni cha amri, kwa hiyo ukiweka koma baada ya jina utakuwa umemwamuru mgombea huyo atoshe! Lakini mhakiki wa fasihi hafanyi kazi ya kusahihisha tu. Ni lazima ajiulize kwa nini maneno yale, na dosari yake, yalishinda hotuba zote za siku hiyo.

Kwa maoni yangu, siri imo katika uchaguzi wa kitenzi. Mzungumzaji hakusema kwamba Kibaki ni bora kuliko wenzake waliokuwa jukwaani. Angesema hivyo angewaudhi wale wengine, na pengine kujishusha mwenyewe. Alichagua neno la muuzaji wa viatu: nafasi ipo, ina ukubwa wake, na mtu huyu anaienea. Wakati huohuo neno lile lilibeba mwangwi wa "basi": mjadala umetosha, tusizozane tena. Kauli moja iliidhinisha na kunyamazisha. Kule Misri, vuguvugu lililoanzishwa mwaka wa 2004 kumpinga Hosni Mubarak lilijulikana kwa jina la Kifaya, neno la Kiarabu lililo na mzizi mmoja na kukifu kwetu, na maana yake ilikuwa "inatosha!" kwa hasira ya mtu aliyechoshwa. Wakenya walikuwa wametumia utoshelevu kumwingiza mtu madarakani. Wamisri waliutumia wakitaka kumtoa.

Tangu hapo tosha imepata ngeli mpya. Waandishi wa habari huandika kwamba mwanasiasa fulani "amepewa tosha", yaani ameidhinishwa. Kitenzi kimegeuka nomino mbele ya macho yetu, bila kiambishi, bila kibali cha kamusi. Sioni sababu ya kulipiga marufuku neno hilo katika insha ya mdahalo au katika mchezo wa kuigiza wa wanafunzi, bora ajue kwamba amelichota wapi.

Nirejee kwenye "isitoshe" kama nilivyodokeza. Lichanganue: i- ni kiambishi cha upatanisho, -si- ni cha ukanushi, -tosh- ni mzizi, na -e ni kiishio kinachoonyesha matakwa. Msemaji anasema, kwa hakika, "na jambo hilo lisiachwe litoshe". Amekwisha kujenga hoja inayoweza kusimama peke yake, kisha anakataa isimame peke yake. Ndiyo maana kiunganishi hiki ni cha majivuno kidogo. Mwanafunzi anayekitumia baada ya sentensi moja dhaifu amedai kwamba ana akiba ilhali hana hata mtaji. Tatizo la ile insha ya kidato cha pili halikuwa idadi ya "isitoshe", bali ni kwamba hakuna aya iliyokuwa imetosha kabla ya nyingine kuongezwa. Andika hivyo pembeni, naye ataelewa zaidi kuliko ukimwambia "umerudia".

Na hayo maneno ya pembeni, sisi wenyewe tunayateua vipi? Tuna "wastani", lililotoka katika neno la Kiarabu la katikati. Tuna "inaridhisha". Tuna "si haba", ambalo ninalipenda kuliko yote: haba asili yake ni punje, na msemo wenyewe unasifu kwa kukanusha uchache, kwa sauti ya mtu anayetabasamu huku amefunga mdomo. Wastani ni jambo jingine kabisa. Wastani hupatikana kwa kumlinganisha mwanafunzi na wenzake. Darasa likiwa dhaifu wote, wa wastani ni dhaifu. Kutosha humlinganisha mwanafunzi na kazi aliyopewa. Katika mtaala wa umilisi, viwango vinne vinavyotumika ni kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa mbali na matarajio. Upende usipende wingi wa makaratasi yake, mtaala huo umekiacha kipimo cha wastani na kurudi kwenye kipimo cha kiatu. Mzazi anayesoma ripoti akaona "amefikia" akadhani mwanawe ameambiwa ni wa katikati, amesoma neno moja kwa maana ya lingine, na ni juu yetu kumfafanulia.

Wanaisimu nao hawakubaki nyuma. Noam Chomsky alipopendekeza katika miaka ya 1960 kwamba sarufi ipimwe kwa viwango vya "adequacy", wataalamu wetu waliunda nomino "utoshelevu". Ni neno zuri, ingawa ninashuku kwamba wanafunzi wa vyuo huliandika kwenye mtihani bila kuwahi kulisikia sokoni.

Sasa tufike kwenye Katiba. Hati hiyo iliidhinishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo. Kifungu cha 43 kinaorodhesha haki za kiuchumi na kijamii, na "adequate" imo humo mara tatu: makao, chakula, na kiasi cha maji safi na salama. Kwa chakula na maji, "ya kutosha" inakubalika upesi, kwa sababu hivyo ni vitu vya kupimwa kwa kibaba na kwa mtungi. Mkazi wa Eastlands ambaye mfereji wake hukauka akalazimika kununua maji kwa mtungi wa lita 20 anajua hasa mitungi mingapi huitosha nyumba yake. Makao je? "Nyumba ya kutosha" hutufanya tufikirie idadi ya vyumba. Komarock ilijengwa kwa ramani iliyopangwa, na nyumba nyingi zimeongezewa vyumba na ghorofa baadaye kwa kuwa hazikutosha, kwa maana hiyo ya vyumba. Lakini sheria haikukomea hapo.

Mnamo mwaka wa 1991 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni ilitaja mambo saba yanayoyafanya makao yawe "adequate". Nayo ni: mkaaji awe na hakikisho la kutofurushwa, pawe na huduma kama maji na usafi, gharama iwe ya kumudika, nyumba iwe salama kwa mwili na afya, wazee, wagonjwa na walemavu waweze kuipata na kuitumia, iwe mahali panapofikia kazi, shule na hospitali, na iheshimu utamaduni wa wanaoishi humo. Idadi ya vyumba haikutajwa kama jambo la pekee. Orodha nzima ni ya ulinganifu baina ya nyumba na mtu. Ni orodha ya muuzaji wa viatu.

Kwa hiyo siafikiani na wale wanaodai kwamba Kiswahili hakina neno la kulibeba kivumishi hicho. Neno tunalo, ila tumelitumia katika umbo lake lililo dhaifu. Kiswahili hakina kivumishi halisi cha kutosha. Tuna kile cha a-unganifu, "-a kutosha", ambacho kwa muundo wake hakimtaji mtu yeyote. Nyumba ya kutosha: ya kumtosha nani? Kivumishi cha Kiingereza kina kasoro hiyohiyo, na ndiyo maana wanasheria wanalipwa kukifafanua. Kitenzi chetu, kinyume chake, kina nafasi ya kiambishi cha mtendwa. Nyumba inayomtosha. Nyumba inayowatosha. Hapo huwezi kufunga mdomo kabla ya kuonyesha, kwa silabi moja, kwamba kuna mtu anayepimwa dhidi ya kitu hicho.

Chukua mfano wa kesi ambayo mwalimu anaweza kuisomesha pamoja na tamthilia yoyote inayohusu ardhi na uongozi. Kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, kilibomolewa mwezi wa Novemba 2011. Wakazi wake walishtaki, wakashinda katika Mahakama Kuu mwaka wa 2013, wakashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka wa 2016, na hatimaye Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake tarehe 11 Januari 2021. Ilieleza kwamba watu wasio na ardhi wanapokaa kwenye ardhi ya umma na kujenga makazi yao hapo, hawapati hati ya kuimiliki, lakini hupata haki ya makao inayostahili kulindwa. Vibanda vile havikuwa nyumba za kutosha kwa kipimo cha ramani yoyote ya mjenzi. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu sehemu zile tatu za kifungu cha 43 aziandike upya kwa kitenzi chenye kiambishi cha mtendwa, chakula kinachomtosha, maji yanayomtosha, makao yanayomtosha, kisha mwulize: kule Mitumba, huyo -m- alikuwa nani, na siku ya ubomozi nani alikuwa amempima?